Mama Stoo na Mahindi ya Mpakani

Kwa miaka mingi, mtu wa Busia aliyetaka kujua bei ya mahindi inaelekea wapi hakuuliza sokoni. Alikwenda kwa Mama Stoo. Ghala lake lilikuwa kando ya barabara ya malori, na mashine yangu ya kusaga ilikuwa ukuta mmoja nalo. Vumbi la unga wangu liliingia kwake, wadudu wa magunia yake wakaja kwangu, na kwa njia hiyo tukawa majirani. Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani mara chache. Madereva, mawakala wa forodha, wapagazi, hata polisi wa kizuizini walimwita Mama Stoo, nami sioni sababu ya kumwita vingine.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kila siku alivaa koti la kijivu kama la wauza vipuri, mifuko yake imejaa punje. Ukisalimiana naye mkono, ulibaki na harufu ya gunia. Hakupenda kukaa. Kiti alikuwa nacho, cha plastiki, lakini kilikuwa cha wageni, na mgeni aliyekaa muda mrefu aliulizwa, "Boss, unauza, unanunua, ama umechoka?"

Wanunuzi wote wa nafaka hung'ata punje kujua kama imekauka. Kavu hulia katikati ya meno, mbichi hunyamaza. Mama Stoo naye aling'ata, na alikuwa na sifa ya kutokosea. Kwa hiyo wengi tulishangaa aliponunua kipima unyevu, kimashine kidogo cha betri, na kuanza kukiamini kuliko kinywa chake. Namkumbuka dereva mmoja kutoka Iganga, Uganda, amesimama na kofia mkononi, akimwita nyabo, yaani mama, na kulalamika.

"Nyabo, si umeng'ata wewe mwenyewe ukasema iko kavu?"

"Nimesema."

"Sasa hii kamashine inasema nini?"

"Inasema bado."

"Na wewe unasikiza kamashine?"

"Ssebo, meno yangu yanataka kwenda nyumbani kupumzika. Hii haichoki. Peleka turubai pale, mwaga, anika. Kesho tutapima tena."

Dereva alitukana kwa Kiganda, lakini alianika.

Kitu ambacho hakuachia mashine ni mvua. Lori likisimama, wanunuzi wengine walikimbilia kuuliza bei ya upande wa pili. Yeye aliuliza, "Huko mvua aje?" kisha akazunguka nyuma kuangalia magurudumu. Tope jekundu lililoganda mpaka juu ya ekseli lilimwambia kwamba barabara za vijijini zilikuwa zimelowa na kwamba mahindi ya wiki ile yangekuja mabichi, machache, na ghali. Vumbi tupu lilimwambia kinyume chake. "Bei mtu anaweza kunidanganya," aliniambia mara moja tukinywa chai. "Lakini tope, nani ana wakati wa kupaka tope kwa gurudumu?"

Alikuwa mtu wa kujipinga pia. Aliishi kwa mahindi, lakini nyumbani kwake ugali wa mahindi haukupikwa. Alikula ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi, na mimi ndiye niliyemsagia. Wateja wangu wakimwona amesimama foleni na beseni lake la mtama walicheka. "Mama, hata wewe hutaki hii kitu unatuuzia?" Alijibu kwamba mahindi ni ya biashara na tumbo ni la kwake. Alikuwa mkali kwa mizani, na mpagazi aliyeweka mguu juu ya mzani alifukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini akina mama waliokuja kununua kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, aliwajazia kwa mkono mpaka kilima kikaanguka pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsifu kwa hilo. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Akikohoa, kasisi alijua mahubiri yamekuwa marefu.

Mazungumzo yake yalikuwa ya nafaka karibu wakati wote, na mengi niyajuayo kuhusu biashara hii niliyapata ukutani mwake. Alinieleza kwamba Kenya haijishibishi kwa mahindi, na kwamba kile kinachopungua hujazwa na jirani: Waganda wanavuna mara mbili kwa mwaka, wakati kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, ghala la nchi, wanavuna mara moja, mwisho wa mwaka. Kwa hiyo katikati ya mwaka Nairobi inakula kupitia Busia na Malaba. "Sisi ni koo," alisema. "Chakula kinapita hapa. Koo likikwama, kichwa kinalia." Lakini aliona pia kwamba mambo yanabadilika. Wafanyabiashara wa Juba, Sudan Kusini, walikuwa wameanza kununua mahindi ya Uganda kabla hayajafika kwetu. Dizeli ilipanda. Watengenezaji wa chakula cha kuku walishindana na wasagaji. Vijana walitaka chapati. Mashamba yalikuwa yanagawanywa kila baba akifa, mpaka mtu analima mahindi mahali pa kuanikia nguo. Alinihesabia haya kwa sauti ile ile ya kusema kwamba leo kuna jua.

"Kwa hivyo mahindi yanakwisha?" nilimuuliza.

"Nani amesema? Watu watakula. Swali ni nani atawauzia. Naona si mimi."

Kuna jambo moja ambalo watu wa Adungosi bado wanalizungumza wakimtaja, na hawalizungumzi kwa namna moja.

Adungosi ni upande wa Teso Kusini, mashamba madogo madogo, na wakulima wa huko walikuwa wamemzoea. Kila mwaka baada ya mavuno ya Agosti alikwenda kanisani kwao, na baada ya misa walikaa chini ya mahema ya kukodi wakamuuliza: tuuze au tungoje? Mkulima mmoja alimwambia wazi mbele ya watu, "Mama, wewe ndiye mnunuzi. Tutaaminije?" Akamjibu, "Nikikwambia uuze, nisikilize kwa sikio moja. Nikikwambia ungoje, hapo sina faida. Tega yote mawili."

Mwaka ule akawaambia wangoje. Nilikuwepo, kwa sababu mara nyingi nilipanda lori lake kwenda kujinunulia mahindi ya kusaga. Aliwaeleza kwamba mvua ilikuwa imelikosa Bonde la Ufa, kwamba alikuwa amepita Kitale na kuona mahindi yamekauka yakiwa kimo cha magoti, kwamba Uganda nao walikuwa wamevuna kidogo. "Shule zikifunguliwa Januari," alisema, "mtauza kwa bei ambayo hamjawahi kuona." Watu walipiga makofi. Katekista wa kanisa lile, mzee mwenye miguu mirefu na maneno machache, alisimama kumshukuru kwa niaba ya wote. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi, na mahindi yale ndiyo yangempeleka.

Wakangoja. Bei ilipanda kidogo Septemba, ikapanda tena Oktoba, na Mama Stoo akawa anatembea barabarani kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha tangazo likatoka kwamba mahindi ya ng'ambo yataruhusiwa kuingia kupitia Mombasa bila ushuru, ili unga ushuke. Meli hazikuwa zimefika, lakini wasagaji walisitisha kununua siku ile ile. Malori yaliyokuwa Malaba yaligeuka. Na mvua za vuli, ambazo Mama Stoo hakuziwazia sana, zikanyesha kwa wingi pande zote mbili za mpaka, Uganda ikavuna vizuri, na kufikia Krismasi bei ilikuwa chini kuliko ile ya Agosti.

Nilimwona siku ile tangazo lilipotoka. Alikuwa na redio mezani. Aliizima, akaenda mlangoni, akasimama akitazama barabara. Nilidhani atasema kitu kuhusu serikali, kama walivyokuwa wakisema watu wote mtaani. Aliniambia tu, "Jirani, Jumapili nakwenda Adungosi."

Alikwenda. Mahema hayakuwepo safari hii, walikutana ndani ya kanisa. Alisimama mbele, pale padri husimama, akasema, "Niliwaambia mngoje. Nilikosea." Hakutaja meli, hakutaja wasagaji. Kelele zikazuka. Mama mmoja alisema alikuwa ameuza ng'ombe kwa kuwa hakutaka kuuza mahindi. Kijana mmoja akasema watu wa mjini wote ni wezi. Mama Stoo aliwaacha wamalize. Kisha akasema kwamba alikuwa amezungumza na shule tatu za bweni katika kaunti, kwamba zitanunua moja kwa moja kwa bei iliyo bora kidogo kuliko ya wasagaji, na kwamba atasafirisha kwa lori lake bila kujikatia chochote. "Lakini shule zinataka cheti cha maabara," alisema. "Watoto ndio watakula. Kesho nitapita nyumba kwa nyumba kuchukua sampuli."

Hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza. Mahindi yale yalikuwa yamekaa ndani ya nyumba miezi ya mvua, mengine chumbani, mengine jikoni, mengine chini ya mabati yanayovuja. Majibu ya maabara yalipokuja, mengi yalikuwa salama. Ya katekista yalikuwa na sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Yote, gunia hadi gunia.

Tulikwenda kwake asubuhi. Alikuwa ametandika turubai uani na kuyamwaga mahindi juani, akidhani tatizo ni unyevu. Mimi nilichota kiganjani. Wallahi, ningeyasaga. Punje chache zilikuwa na rangi ya kijani kwenye kitovu, basi. Ningeyasaga na kuwauzia watu wa mtaani kwangu, na wangeyapikia watoto.

"Katekista," Mama Stoo alisema, "haya yako yamekataa."

"Yamekataa nini?"

"Kuliwa."

Mzee aliyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe ambaye daktari amesema hatapona naye bado amesimama. "Kuna mama wa busaa hapo senta," alisema hatimaye. "Amesema atachukua yote. Pombe si inachemshwa?"

"Hii haiogopi moto."

"Ama kuku. Watu wa kuku."

"Itaingia kwa mayai. Kuku wenyewe watakufa."

"Sasa Mama, unataka nifanye nini?" Sauti yake haikupanda. "Wewe ndiye uliniambia ningoje. Mimi ningeuza Agosti."

"Ni mimi."

"Msichana anaripoti chuo mwezi ujao."

"Najua." Alichezea punje mfukoni, kisha akazitoa zote akazitupa. "Chimba shimo, Katekista. Nitakusaidia kuchimba."

Nilitegemea mzee atufukuze. Badala yake alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na majembe mawili, akanipa mimi moja. La pili alibaki nalo mwenyewe, lakini Mama Stoo alimnyang'anya kwa upole, akavua koti lake na kulitundika kwenye kamba ya nguo. Tulichimba karibu na migomba. Majirani walikuja kusimama kando ya ua, kwanza wawili, baadaye wengi. Mke wa katekista alikaa mlangoni, mgongo umetugeukia. Tulipoanza kumwaga, kuku walikuja mbio, na yeye ndiye aliyeinuka kuwafukuza, akilia na kupiga kelele, "Tokeni! Tokeni! Hamjaambiwa?"

Mahindi yalijaza shimo karibu na ukingo. Mama Stoo alikwenda kwenye lori, akarudi na mtungi wa oili chafu, ile iliyotumika kwenye injini, akaimimina yote juu. Alieleza kwa sauti, ili walio kando ya ua wasikie, kwamba anafanya hivyo ili mtu asije kufukua. Punje zikageuka nyeusi. Katekista ndiye aliyerudisha udongo, peke yake. Alikataa kusaidiwa hapo.

Kabla ya mwezi kuisha, lori la Mama Stoo lilishusha kwa katekista magunia sawa na yale yaliyozikwa, mazuri, yenye cheti. Binti akaenda chuo.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wengine waliokuwa wamengoja, ambao mahindi yao yalikuwa salama lakini waliuza kwa hasara, walimfuata Mama Stoo hadi Busia. Nilisikia kila kitu kupitia ukutani.

"Katekista umemrudishia. Na sisi?"

"Bei ilishuka kwa kila mtu," alijibu. "Hata mimi nilikuwa nimenunua. Bei siwezi kuirudisha."

"Sasa yake mbona umeweza?"

"Kwa sababu sumu ni yangu. Niliwaambia mngoje, sikuwauliza mtaweka wapi. Hiyo ilikuwa kazi yangu na sikuifanya."

Hawakuridhika, na siwezi kusema walikuwa na makosa. Msimu uliofuata wengi waliuza kwa wanunuzi wengine. Ghala lake lilijaa nusu, na mara nyingi nilimkuta amesimama katikati ya nafasi tupu, mikono nyuma. Hakuwasema vibaya. Alinunua maturubai, na mifuko ile isiyopitisha hewa, akapeleka Adungosi akiuza kwa bei ya kununulia. Wengine walichukua, wengine walikataa kwa kuwa yalitoka kwake. Katekista alikuwa wa kwanza kuchukua, jambo lililowaudhi baadhi yao zaidi.

Hata hivyo, kilicholifunga ghala lake ni barabara, si Adungosi. Mpakani karatasi zilianza kushughulikiwa sehemu moja, malori yakawa hayalali tena foleni ndefu kama zamani, na kampuni za kusaga zikaanza kutuma wanunuzi wao mpaka Soroti na Masindi, wakinunua shambani kwa simu na kupakia moja kwa moja hadi Nairobi. Lori lenye mahindi lilipita mbele ya ghala la Mama Stoo bila hata kupunguza mwendo. Ndivyo alivyokuwa amesema ingekuwa. Alipouza kipima unyevu chake kwa kijana wa Malaba, nilijua anafunga. Aliyepanga pale baada yake anauza vifaa vya simu, na wateja wake hawapiti kwangu kununua unga.

Hakuaga rasmi. Alikuja na beseni la mtama, nikamsagia, akalipa, akasema, "Jirani, kaa salama," na siku iliyofuata mlango ulikuwa na kufuli jipya.

Nilikuja kumwona mwaka jana. Injini ya mashine yangu ilikuwa imechoka, na mtu aliniambia kuna moja ya mtumba inauzwa Rukala, kule Budalang'i. Nilikwenda. Mafuriko ya mto Nzoia yalikuwa yameshuka si siku nyingi. Kuta za nyumba zilikuwa na mstari wa tope kiunoni, na watu walikuwa wanaanika magodoro juu ya ua. Injini haikuwa ya kununua. Nilikuwa narudi kwenye boda boda tulipopita mabonde ya mpunga, nikaona mwanamke mrefu amesimama majini, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwafokea ndege.

"Simama," nilimwambia dereva.

Alinitambua kabla sijafika. Hakuonyesha kushangaa. "Jirani. Umekuja kununua ama kuuza?"

Nilimwambia habari ya injini. Alinisikiliza, akaniambia nimefanya vizuri kuiacha, ilikaa chini ya maji. Kisha akanionyesha kipande chake cha shamba, amekikodi kutoka kwa familia moja ya hapo. Mpunga ulikuwa bado vichipukizi, umepandwa kwa mistari, nusu ya kipande imejaa na nusu ni maji tu yanayong'aa. Miguu yake ilikuwa imevimba kidogo. Nywele zote zilikuwa zimekuwa nyeupe.

"Lakini Mama, hapa panafurika."

"Panafurika. Na viboko wanatoka mtoni wanakanyaga. Na hawa ndege, wewe, hawa ndege ni wezi kuliko wapagazi wa Busia."

"Sasa kwa nini?"

Alijipangusa mkono kwenye suruali. "Nimeona mchele ukipita mpakani kila siku, unatoka mbali, nchi ambazo siwezi kutaja. Na hapa kuna maji na udongo. Nikajiuliza nitakaa nyumbani nikiangalia malori mpaka lini." Aliangalia kuelekea kwenye tuta la mto, ambalo lilikuwa limezibwa upya kwa magunia ya mchanga. "Nimechagua mbegu inayoiva mapema. Mto ukirudi mwezi ule wake, mimi nimeshavuna. Ukiwahi, mto ndio umekula."

"Na ukishakula?"

"Nitapanda tena. Unafikiri nitafanya nini, nitangoja bei?" Akacheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti. Kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria mashine ya kukoboa mpunga, kwa maana wakulima wa hapa wanabeba mpunga wao mbali sana. Nilisema nitafikiria. Alisema nifikirie nikiwa nafanya kazi, miche haingoji, wanawake aliowaajiri wameenda mazishi na jua linakausha mizizi.

Alinipa fungu la miche mkononi. Dereva wa boda boda alizima pikipiki. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini karibu naye. Tope lilikuwa na joto. Alinionyesha mara moja tu jinsi ya kusukuma mzizi kwa kidole gumba, kisha akanigeuzia mgongo akaanza mstari wake.